Jicho la Fundi Saa wa Kibalini

Nchi ya Kibalini hamtaiona kwenye ramani ya ukutani, na msiniulize nilifikaje. Nilifika. Nilikaa siku hamsini na tatu, na kila siku niliiandika, maana mimi ni mtu wa kuandika na wa kutosahau. Mama yangu alipoumwa tumbo, karani mmoja wa huku kwetu, shati la mistari, kalamu sikioni, alimwambia arudi Jumatatu. Hiyo Jumatatu mama hakuiona. Ni miaka ishirini na sita sasa, na lile shati ningelitambua hata likiwa limegeuzwa dekio. Nasema hivi mapema msije mkanituhumu mwishoni kwamba nilijifanya sina upande. Upande ninao. Lakini niliyoyaona nitayasema kama yalivyo, sitaongeza chumvi. Kule ilishatiwa ya kutosha.

Kitu cha kwanza kinachomshangaza mgeni ni mikono ya madaktari. Daktari wa Kibalini hutembea na mkono wa kulia umefungwa: kidole gumba kimelazwa kiganjani, kamba nyembamba imezungushwa mara saba, na juu ya fundo umebandikwa muhuri wa nta nyekundu. Wa kwanza nilidhani kapata ajali. Nikaona wa pili, wa tatu, na wa nne ananunua ndizi kwa mkono wa kushoto huku watu wakimwamkia kwa heshima zote. Nikamuuliza muuza ndizi kulikoni. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wana pua.

"Wamefungwa ili watutibu vizuri," alisema.

Maelezo kamili niliyapata baadaye. Kila mtu wa Kibalini, tangu kuzaliwa, hutoa sehemu ya kumi ya jasho lake kwa Jumba la Utulivu, na Jumba humwahidi kwamba siku akiumwa halitamwacha. Wenyewe wanaita bima, kama sisi. Ahadi hiyo imechongwa juu ya lango, pamoja na picha ya mama anayecheka na mtoto anayecheka. Lakini sheria inasema ugonjwa haupo mpaka Jumba liuandike kwenye Kitabu. Na siku ukiandikwa, ndipo Jumba linaanza kuwajibika nao, pamoja na madhara ya kila siku ambayo mgonjwa alicheleweshwa. Mtu mwenye akili timamu anaweza kukisia Jumba lina haraka kiasi gani ya kuandika.

Sasa, ili daktari asije akatibu kitu ambacho hakipo, wanamfunga mkono. Kibali kikitoka, tarishi wa Jumba huja nacho, huvunja muhuri, daktari hutibu kile kimoja kilichotajwa, kisha tarishi humfunga tena na kuondoka. Chuo cha udaktari cha Kibalini ni cha miaka mitano. Mwaka mmoja wanasoma mwili wa binadamu. Minne wanajifunza kuandika barua kwa mkono wa kushoto.

Saa yangu ndiyo iliyonikutanisha na Bi. Sikudhani. Ilisimama siku yangu ya tatu, nikaelekezwa kwake, kibanda nyuma ya soko la nguo. Mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukata, na kwa saa hakuna aliyemfikia mji mzima. Aliifungua, akabana kile kioo cha fundi kwenye jicho la kushoto, akatulia. Kisha akakihamishia la kulia.

"Kaka, hebu nisomee. Namba iliyo chini ya hilo gurudumu dogo ni ngapi?"

"Saba, mbili, nne."

"Saba mbili nne." Akavua kioo. "Basi nitaiweka, lakini sikuahidi lini. Jicho la kushoto lina ukungu katikati tangu juzi. Nikikutazama nalo naona masikio yako, uso siuoni."

"Hujakosa kitu," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika meza. "Nisaidie kufunga hapa, unisindikize kwa daktari. Nikitumbukia mtaroni mchana huu, watasema fundi saa kalewa."

Daktari wa macho aliitwa Mshamu, mzee mwembamba aliyezungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alimpima kwa muda mrefu, kwa mkono wa kushoto, kisha akasema: "Mishipa ya nyuma ya jicho inavuja damu. Kuna sindano. Ikichomwa ndani ya siku kumi, jicho linabaki. Zikipita, linakwenda. Na ugonjwa huu una tabia ya kuhamia la pili."

"Sindano yenyewe iko wapi?" niliuliza.

Akanionesha kwa kidevu. Ilikuwa kwenye friji lenye mlango wa kioo, hatua tatu kutoka kiti cha mgonjwa. Nilizihesabu. Dawa ipo, daktari yupo, mgonjwa yupo. Kilichokuwa hakipo ni ugonjwa.

"Basi mchome," nikasema.

Walinitazama wote wawili kwa huruma.

"Wewe ni mgeni," alisema Daktari Mshamu, akavuta karatasi akaanza kuandika. Mwandiko wake wa kushoto ulikuwa mzuri sana. Nilichukia jinsi ulivyokuwa mzuri.

Jibu lilikuja siku ya nne tangu barua. Jumba lilimshukuru Bi. Sikudhani kwa uvumilivu wake, ambao hakuwa ameuonesha, likamtaka atimize Sheria ya Kushindwa Kwanza. Sheria hii wanajivunia kuliko zote. Inasema mgonjwa asipewe dawa inayomfaa kabla hajathibitisha kwamba ile isiyomfaa haimfai. Kwa macho, isiyofaa ni matone ya maji ya waridi, asubuhi na jioni, siku arobaini. Ukishindwa unapewa cheti cha kushindwa. Niliingia nyumba za watu nikavikuta vimetiwa fremu, vimetundikwa sebuleni karibu na picha za harusi.

"Siku arobaini," alisema Bi. Sikudhani. "Na jicho limepewa kumi. Daktari, hiyo ni hesabu ya shule gani?"

"Kuna njia nyingine," alisema Daktari Mshamu. "Dirisha la Mwenza. Sheria inaniruhusu kuzungumza na daktari mwenzangu aliye ndani ya Jumba."

Kesho yake tulikwenda sote watatu. Foleni ya Dirisha la Mwenza ilizunguka ukuta wa Jumba kama mshipi, na wote waliosimama walikuwa madaktari, faili kwapani. Mbele yetu alisimama bingwa wa upasuaji, mwanamama mnene, kavaa kanzu ya kazi bado. Nikamuuliza wagonjwa wake nani anawaangalia.

"Wanaangaliana," alisema.

Dirisha lenyewe lina pazia, na sheria inakataza kuuliza jina la aliye nyuma yake. Zamu yetu ilifika alasiri.

"Mwenzangu," alisema Daktari Mshamu, mdomo karibu na pazia, "mgonjwa wangu anavuja damu nyuma ya jicho."

"Pole sana, mwenzangu. Linacheza?"

"Linacheza vipi?"

"Ukilisukuma kwa kidole. Linacheza, au limekaa imara?"

Daktari Mshamu aliondoa mdomo kwenye pazia. "Samahani, mwenzangu. Wewe ni daktari wa nini?"

"Wa meno. Lakini mwongozo wa macho nimeusoma wote, kurasa zote mbili." Tukasikia karatasi. "Ahaa. Kuna swali hukulijibu kwenye barua. Mgonjwa ameshajaribu kutumia jicho lingine?"

"Nini?"

"Analo lingine. Mwongozo unalitambua kama mbadala."

"Huyu ni fundi saa!"

"Na mafundi saa si hufunga jicho moja wakiwa kazini?"

Bi. Sikudhani alimsogeza daktari pembeni kwa kiwiko. "Wewe wa meno! Ukiniletea saa yako mbovu nikakuambia jaribu kutumia ya jirani, utaniitaje?"

"Mgonjwa haruhusiwi kusema dirishani," ilijibu sauti kwa upole uleule, na ubao ukashushwa nyuma ya pazia. Madaktari wote waliokuwa nyuma yetu wakapoteza zamu zao. Hakuna hata mmoja aliyetulaumu. Walikunja faili wakaenda zao, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko ubao.

Siku ya tisa Jumba liliomba picha ya jicho, ipigwe na mpigapicha wa Jumba. Mpigapicha wa Jumba alikuwa likizo.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, nilimkuta Bi. Sikudhani amekaa kibandani, mkono umefunika jicho la kulia, uso ameuelekeza kwenye ukuta wenye saa thelathini za wateja.

"Nazisikia tu," alisema.

Nilikaa naye mpaka adhuhuri. Zilipogonga zote kwa pamoja aliinuka, akayamwaga mlangoni yale maji ya waridi aliyopewa, chupa nzima, akaanza kazi kwa jicho lililobaki.

Mimi hasira yangu huwa haikai nyumbani. Alhamisi Jumba hufungua baraza lake kwa watu wote, nikaenda nikakaa mbele kabisa na daftari langu. Wakuu wa pale huitwa Watulivu, kumi na tisa, na juu yao yupo Mtulivu Mkuu, mzee wa sauti laini ambaye kila jambo huliitikia kwa kutikisa kichwa, hata kelele za kunguru nje. Siku ile walijadili faili la mchimba visima mmoja aliyefariki akisubiri kibali cha moyo. Hoja ilikuwa: faili lifungweje?

Mmoja alisema liandikwe kwamba ombi limechelewa. Wakaguna. Mwingine akasema liandikwe limekataliwa. Hapo akasimama Bwana Mtumweni, msemaji wa Jumba, mtu nadhifu wa kucha ndefu, akasema kuandika hivyo ni kuwasingizia, maana hakuna mtu pale aliyekataa kitu. "Napendekeza: ombi limeondolewa na mwombaji."

Mtulivu mmoja, wa upande wa nyuma, akauliza kwa woga kama maiti anaweza kuondoa ombi.

"Je, ameendelea kuomba?" alisema Bwana Mtumweni.

Walipiga kura. Kumi na tisa kati ya kumi na tisa walikubali, hata yule wa nyuma. Mjane wa mchimba visima alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu. Walimpa karatasi atie sahihi kwa niaba ya marehemu, na kalamu wakamkopesha. Majina yao yote kumi na tisa ninayo. Nimeyaandika kwa wino, si kwa penseli.

Siku ya ishirini na sita, jicho la kulia la Bi. Sikudhani likaanza ukungu. Palepale katikati, vilevile. Daktari Mshamu aliandika barua ya pili usiku huohuo, na asubuhi ikarudi haijafunguliwa, imepigwa muhuri: MGONJWA MMOJA, OMBI MOJA. Ombi la jicho la kushoto lilikuwa bado linashughulikiwa. La kulia lisubiri zamu yake.

"Liambie lisubiri basi," Bi. Sikudhani alimwambia daktari. "Wewe ndiye unayezungumza lugha ya macho." Alisema kwa mzaha, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta ukingo wa meza, na sisi wawili tuliiona.

Kibali kilitoka siku ya thelathini na moja. Tarishi alikileta mwenyewe kliniki, kijana mstaarabu mwenye mkoba mpya, akakitoa kwa mikono miwili kama sahani ya biriani. Kilikuwa cha jicho la kushoto.

"Hilo limeshakufa," alisema Daktari Mshamu. "Siku ishirini sasa."

"Hongera kwa kukubaliwa," alisema tarishi. Hakuwa na ubaya, ndivyo walivyomfundisha. "Mgonjwa akisome, nivunje muhuri."

Hapo ndipo nilipoijua sheria ambayo hakuna aliyewahi kunitajia, kwa kuwa kule ni ya kawaida kama kusalimiana. Ili kuzuia vibali vya kughushi, kila kibali lazima kisomwe kwa sauti na mgonjwa mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya tarishi. Sheria hiyo ina umri wa miaka sitini. Katika miaka sitini, hapakuwa na mtu ndani ya Jumba aliyejiuliza wagonjwa wa macho watasomaje. Au walijiuliza, wakatulia.

Bi. Sikudhani aliichukua karatasi. Akaisogeza karibu, akaigeuzia pembeni, akaiinua juu kuelekea dirishani.

"Naona kingo," alisema.

"Nimsomee mimi," nikasema.

"Wewe si mgonjwa, mzee wangu."

"Nimsomee mimi," alisema Daktari Mshamu.

"Daktari, wewe ndiye uliyekusudiwa na sheria hiyo." Tarishi akaichukua karatasi taratibu kutoka mikononi mwa yule mama, akaikunja. "Kibali hakijasomwa, kinarudi. Ombi litaanza upya. Poleni sana."

Friji lilikuwa linanguruma. Daktari Mshamu alilitazama, kisha akamtazama Bi. Sikudhani.

"La kulia lina siku ngapi?"

"Tano."

"Kwa hiyo zimebaki tano."

Akauinua mkono wake wa kulia mpaka mdomoni, akaung'ata ule muhuri. Nta ilipasuka kama ganda la yai. Akaitema, akashika kamba kwa magego, akavuta.

"Daktari!" tarishi alipiga kelele. "Daktari, una watoto!"

"Ninao watatu. Mmoja anavaa miwani."

Kamba ilianguka sakafuni. Tarishi alitoka mbio, mkoba ukabaki. Daktari Mshamu akatembea zile hatua tatu, akafungua friji, akaandaa sindano, akarudi, na hapo ndipo mkono ulipoanza kutetemeka. Ulitetemeka vibaya, sindano ikawa inachora hewani.

"Nini?" aliuliza Bi. Sikudhani, ambaye hakuona lakini alisikia pumzi yake.

"Mkono. Miaka ishirini na miwili haujawahi kufanya kazi bila ruhusa."

"Lete." Akaupapasa akaupata, akalikandakanda gumba kama anavyolainisha chemchemi ya saa. "Sasa sikiliza, nikufundishe ufundi. Mkono unaoelea lazima utetemeke. Egemeza kiwiko kwenye kiti. Kidole kidogo kiweke hapa, kwenye mfupa wa shavu langu. Umekaa?"

"Umekaa."

"Toa pumzi yote. Hapo katikati, kabla hujavuta nyingine, ndipo tunapoweka skrubu."

Akatoa pumzi. Akachoma.

Walimshtaki Daktari Mshamu wiki moja baadaye. Siku ile mji mzima ulifunga maduka. Bi. Sikudhani alifika akiwa amenishika mkono, na chini ya lango la Jumba akasimama, akainua uso. Akaisoma ile ahadi iliyochongwa, kwa sauti, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka. Ukungu ulikuwa umepungua. Watu waliokuwa wanapita wakasimama wakamsikiliza, na alipofika kwenye "hatutakuacha" mtu mmoja nyuma akapiga mluzi.

Ndani, Bwana Mtumweni alisoma shitaka kwa madaha: kutibu bila kibali.

"Nilitibu nini?" aliuliza Daktari Mshamu. Alikuwa amesimama na mikono yake yote miwili iko nje, na watu hawakuacha kuitazama.

"Jicho la Sikudhani, fundi saa."

"Lipi?"

Bwana Mtumweni akafungua Kitabu. "La kushoto… hapana. La kulia."

"Ugonjwa wa jicho la kulia umeandikwa humo?"

"Haujaandikwa. Ombi lake halikupokelewa."

"Na ugonjwa usioandikwa?"

Bwana Mtumweni alikuwa mwepesi, aliliona shimo mapema, lakini Mtulivu Mkuu hakuliona. Akatikisa kichwa na kujibu kwa ile sauti laini: "Haupo, mwanangu."

"Basi nilimchoma sindano mtu mzima asiyeumwa chochote. Nisomeeni sheria inayokataza hilo. Sheria yenu inakataza kutibu, na kutibu lazima kuwe na ugonjwa. Kama ugonjwa ulikuwepo, uandikeni sasa hivi, mbele ya watu hawa, mwandike na tarehe ulipoanza. Na mkishauandika, Jumba linawajibika kwa kila siku iliyopita. Mnazo siku tano za jicho la kulia. Mnazo siku thelathini na moja za kushoto. Haya, Bwana Mtumweni, kalamu unayo. Andika."

Bwana Mtumweni aliishika kalamu. Aliiweka juu ya Kitabu, akaitoa. Aliangalia kulia, aliangalia kushoto, Watulivu kumi na tisa wote walikuwa wanatazama kucha zao. Sijawahi kuona karatasi nyeupe ikiogopwa namna ile.

"Shauri hili," alisema Mtulivu Mkuu hatimaye, "linahitaji maelezo zaidi."

"Liletewe picha!" alipaza sauti yule bingwa wa upasuaji tuliyekutana naye kwenye foleni. "Ipigwe na mpigapicha wa Jumba!"

Na watu wakacheka. Mnajua kicheko cha watu waliokaa kimya miaka mingi kilivyo? Kinaanza kama kikohozi. Mjane wa mchimba visima ndiye aliyecheka mwisho na kwa muda mrefu kuliko wote, na hakikuwa kicheko cha furaha, na Watulivu walianza kutoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma.

Toka siku ile kamba zikaanza kukatika. Asubuhi barabara zilikuwa na vipande vya nta kama maganda ya karanga baada ya mpira. Daktari akikutana na mwenzake njiani humuuliza, "Leo umetibu nini?" na mwenzake hujibu, "Sijatibu kitu. Nimeona watu wazima kumi na wanne wasioumwa chochote."

Sitawadanganya kwamba Jumba lilianguka. Majumba hayaanguki kwa kuchekwa siku moja. Walimfuta Daktari Mshamu kwenye orodha, wakampigia mstari. Walipeleka watu wachukue friji lake, wakakuta wauza nguo wa sokoni, wanawake, wamekaa mlangoni wamenyoosha miguu, wanafuma, na hakuna aliyekuwa tayari kukunja mguu. Kisha wakaleta dawa yao waliyoiona ni ya mwisho: badala ya kamba, waya. Waya wa chuma, mizunguko saba, muhuri wa risasi. Kwa waya meno ya daktari hayafui dafu. Siku mbili Kibalini ilirudi kuwa Kibalini, na foleni ya Dirisha la Mwenza ikazunguka ukuta tena.

Siku ya tatu, mchana, nilikwenda kuchukua saa yangu niage. Sikuweza kufika mlangoni. Nyuma ya soko la nguo kulikuwa na foleni nyingine, ya madaktari, kanzu nyeupe mpaka kwenye mifereji, kila mmoja kashika mkono wake wa waya.

"Shikamoo, Bi. Sikudhani."

"Marahaba. Lete mkono." Ka! "Mwingine."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kioo cha fundi kimebanwa kwenye jicho la kulia, na mkononi ana lile koleo lake dogo la kukatia chemchemi. La kushoto alikuwa amelifunga kwa kitambaa chekundu, rangi ileile ya nta. Kila waya uliokatika aliutupia kwenye debe. Debe lilikuwa limejaa nusu.

Tarishi akaja. Yuleyule, wa mkoba mpya. Alisimama kando, akajikaza. "Mama, unajua unachokikata ni mali ya Jumba?"

"Mwanangu, mimi sioni," alisema Bi. Sikudhani, na hakuacha kukata. "Kaangalie kwenye Kitabu. Jicho la kushoto, kibali hakikusomwa. La kulia, ombi halikupokelewa. Mimi kwenu sijatibiwa popote. Sasa kipofu atakataje waya? Nenda kawaambie wauandike kwanza uwezo wangu wa kuona, ndipo waje wanishtaki."

Tarishi aliitazama ile foleni yote. Alikaa pale dakika nzima. Halafu, na hili niliandika saa yake na dakika yake, akaushusha mkoba chini, akauegemeza kwenye debe, akasogea akamshikia taa.

Saa yangu nilipewa mwisho wa foleni, kama kila mtu. Inakwenda mpaka leo, haijapoteza hata dakika. Pamoja nayo Bi. Sikudhani alinipa koleo, la pili, la akiba, limefungwa kwenye kipande cha kanga.

"La nini?" nilimuuliza.

"Si ulisema kwenu pia kuna madirisha?"

Nimerudi. Madirisha yapo, yamewekewa vioo vipya. Ndani ya lile la katikati amekaa karani kijana, shati la mistari, anaangalia kompyuta, anamwambia mwanamke mwenye mtoto mgongoni kwamba idhini haijarudi. Mwanamke anasogea pembeni. Zamu ni yangu.

Koleo ninalo mfukoni. Haya, niambieni tena nirudi Jumatatu.